J11 (influenza, kirusi hakikutambuliwa)

J11 ni msimbo wa ICD-10, uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, unaotumika pale daktari anapobaini influenza kwa dalili za mgonjwa ilhali maabara haijatambua kirusi. Una matawi matatu: J11.0 kwa mgonjwa mwenye nimonia, J11.1 kwa dalili nyingine za mfumo wa upumuaji, na J11.8 kwa madhara mengine, kama vile ya ubongo, moyo au tumbo. Kirusi cha msimu kikitambuliwa huandikwa J10, na kile kitokacho kwa wanyama au cha janga la dunia, J09. Mafua ya kawaida ni J00. Maambukizi ya bakteria Haemophilus influenzae hayamo humu kabisa, ijapokuwa jina hupotosha wengi.

Msimbo huu ni wa lazima hasa katika vituo visivyo na kipimo: bila huo, wagonjwa wengi wangepotea kwenye takwimu. Lakini peke yake hauelezi aina ya kirusi inayosambaa. Kazi hiyo huhitaji sampuli za pua na koo. Katika ICD-11, iliyoanza kutumika rasmi Januari 2022, nafasi ya J11 imechukuliwa na 1E32.