Namna ya kurekebisha moto wa Land Rover za kale

Kwa miaka mingi, Land Rover ya petroli ilikuwa tegemeo la polisi na maafisa wa wanyamapori katika eneo lililoitwa Northern Frontier District, ambalo sehemu yake kubwa ikawa Mkoa wa Kaskazini Mashariki mwaka 1963. Zilizosalia bado zina injini isiyohitaji kompyuta. Anayelielewa moto wake anaweza kulifufua gari hilo hata kati ya Modogashe na Wajir, mahali ambapo kumsubiri fundi chini ya jua ni hatari.

Injini ya lita 2.25, iliyoanza kuundwa mwaka 1958, hutegemea platini ndani ya distributa. Platini zinapofunguka, umeme wa koili hukatika na cheche huruka kwenye plagi. Nafasi yake iwe kati ya milimita 0.35 na 0.40, ikipimwa zikiwa wazi kabisa. Hili litangulie, kwani kisigino cha platini kikilika, nafasi hupungua na cheche huchelewa. Injini hupata joto na kukosa nguvu mchangani, na wengi huilaumu rejeta bure.

Kisha fungua plagi zote ili injini izunguke kwa wepesi. Izungushe kwa hendeli hadi silinda ya kwanza iwe kwenye mgandamizo, rota ikielekea waya wake na alama ya puli ikikabili nyuzi zilizotajwa katika kitabu cha gari. Chukua taa ndogo. Unganisha waya mmoja na upande wa koili unaoelekea distributa, wa pili na bodi. Washa swichi. Legeza distributa, izungushe upande ambao rota huzungukia hadi taa izime, kisha irudishe polepole. Papo hapo inapowaka, kaza.

Nyaya za plagi hufuata mpangilio wa 1-3-4-2. Cheche ikiwahi mno, injini hugonga inapopanda mlima, na hendeli huweza kurudi nyuma kwa kishindo na kuvunja mkono. Kwa hivyo wakati wa kuwasha, kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine, nawe uvute kwenda juu.

Platini zikiungua upesi, shuku kondensa. Kifaa hicho kidogo, kinachochoshwa na joto, ndicho cha kwanza kubebwa kama akiba, pamoja na rota na platini mpya.