Santuri za mitumba: Pima hali yake kabla ya kutoa fedha

Biashara ya santuri za zamani katika Afrika Mashariki imevuka mipaka tangu mwanzo. Miaka ya 1970 nyimbo za bendi nyingi za Tanzania zilitolewa kwenye santuri zilizotengenezwa Nairobi, kwa kuwa Tanzania haikuwa na kiwanda cha kazi hiyo. Bendi za Kikongo zilizohamia Kenya, kama Orchestra Super Mazembe, nazo zilitoa santuri zao huko. Ndiyo maana mzigo huu hupatikana pande zote za mpaka, na baadhi ya wanunuzi wake wako Ulaya.

Mnunuzi wa mbali haoni mali. Analipa kwa kufuata daraja aliloandikiwa. Daraja likikosewa, faida yote hupotea.

Madaraja

Kipimo kinachotumiwa na wauzaji wengi duniani ni cha jarida la Goldmine la Marekani:

- M: mpya kabisa, haina dosari yoyote.
- NM: karibu sawa na mpya.
- VG+: ina alama chache nyepesi zisizoharibu usikivu.
- VG: mikwaruzo inaonekana na kelele husikika, lakini haifuniki muziki.
- G: imechakaa, ina kelele nyingi, ila inacheza hadi mwisho bila sindano kuruka.
- P: imepasuka, imepinda sana, au sindano inaruka.

Jalada hupewa daraja lake peke yake.

Kwa kawaida VG+ huuzwa nusu ya bei ya NM, VG robo, na G asilimia 10 hadi 15. Tuseme santuri ya NM inauzwa dola 40. Umenunua santuri 100 za aina hiyo kwa dola 12 kila moja ukiamini ni VG+, ili uuze kwa dola 20 na kupata faida ya dola 800. Kumbe ni VG. Utauza kwa dola 10 na kupata hasara ya dola 200, kabla ya nauli na ushuru. Santuri adimu sana huweza kushika bei hata ikichakaa, lakini hizo ni chache.

Namna ya kukagua

1. Hakikisha santuri iliyomo ndiyo iliyoandikwa kwenye jalada.
2. Futa vumbi kwanza. Santuri nzito za kasi ya 78 zisiguswe na spiriti, huziyeyusha.
3. Iinamishe chini ya taa kali. Mifereji iliyopauka au kuwa ya kijivu ni dalili ya kuliwa na sindano.
4. Pitisha ncha ya kidole taratibu juu ya mkwaruzo. Ukiuhisi, tarajia kuusikia.
5. Tazama tundu la katikati. Michirizi mingi kwenye lebo huonyesha imechezwa mara nyingi.
6. Izungushe kwenye mashine na uitazame kwa ubavu kuona kama imepinda.
7. Sikiliza wimbo wa mwisho wa kila upande. Karibu na lebo ndiko sauti huanza kukwaruza mapema.

Mzigo uliotoka Mombasa, Tanga au Unguja ukaguliwe pia ukungu, kwa sababu ya unyevu wa pwani.

Ukisitasita kati ya madaraja mawili, andika la chini.

Kwa wasafirishaji

Santuri zisimamishwe wima, zibanane bila kulegea, wala zisirundikwe kwa kulazwa. Plastiki yake huanza kulainika kwenye joto la nyuzi 60 hivi, kwa hiyo gari lililofungwa na kuachwa juani kwenye foleni ya mpakani linaweza kupindisha mzigo mzima.

Kabla ya kupakia, mwenye mali na dereva wakague pamoja, wapige picha na kuandika daraja la kila santuri kwenye orodha, kisha wote wawili watie sahihi. Bila orodha hiyo, mzigo ukifika umepinda hakuna atakayeweza kuthibitisha uliharibikia wapi, wala nani alipe.