Nyayo za Kiswahili Namirembe na Rubaga

Kampala ni mji wa vilima. Juu ya viwili kati yake yamesimama makanisa makuu mawili: Namirembe la Waanglikana, na Rubaga la Wakatoliki. Tuliyazuru tukiwa walimu wa Kiswahili, na kwa hiyo tulikwenda tukitafuta jambo ambalo mgeni wa kawaida halitafuti, yaani nyayo za lugha yetu.

Kanisa la Namirembe tulionalo leo, la matofali mekundu na kuba, lilikamilika mwaka 1919. Yalilitangulia mengine: moja liliangushwa na dhoruba mwaka 1894, na lile lililowekwa wakfu mwaka 1904 liliteketezwa na radi mwaka 1910. Rubaga, lenye minara miwili, liliwekwa wakfu mwaka 1925. Humo amezikwa Joseph Kiwanuka, Mwafrika aliyepewa uaskofu mwaka 1939.

Lakini tulikawia zaidi makaburini Namirembe. Hapo amelala Alexander Mackay, fundi Mskoti aliyefika Buganda Novemba 1878. Kabla ya hapo alikuwa akipasua barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, na Kiswahili alikipata huko. Barazani kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza lugha hiyo haikuwa ngeni, kwa kuwa wafanyabiashara wa Zanzibar walikuwa wamekwisha kuizoeza. Injili aliyowasomea ilikuwa ya Kiswahili. Naye hakuwa wa kwanza. Kijana Dallington Maftaa, aliyefunzwa na wamisionari wa Zanzibar na kuachwa hapo na Stanley mwaka 1875, alikuwa amemtangulia katika kazi hiyo. Huyo hatajwi sana, nasi twaona si haki.

Mackay alitaka Kiswahili kiwe lugha ya kanisa la nchi hizi. Alikufa Usambiro, kusini ya Ziwa Victoria, Februari 1890. Mifupa yake ililetwa Namirembe mwaka 1927. Askofu Alfred Tucker, aliyefika Buganda mwishoni mwa mwaka uo huo wa 1890, alilikataa shauri hilo, akaandika kwamba Kiswahili kiko karibu mno na Uislamu. Mwaka 1896 Biblia nzima ya Kiluganda ilikuwa tayari, kazi ya George Pilkington na Waganda wenzake, hasa Henry Wright Duta.

Kazi hiyo hatuilaumu hata kidogo. Mtu kusali kwa lugha ya mama yake ni haki yake. Tunachosikitikia ni ile sababu, lugha kuhukumiwa kwa ajili ya dini ya wasemaji wake. Mwalimu aliyefundisha Kiswahili Uganda anaijua hukumu hiyo, ingawa baadaye ziliongezeka nyingine, za siasa na za kambi za askari.

Jumapili tuliketi nyuma kanisani tukasikiliza. Ibada ilikuwa ya Kiluganda, lakini masikio yetu yaliokota eddini, ekitabo, essaala, malayika. Baada ya ibada tulimwuliza mzee mmoja maneno hayo yametoka wapi. Alitutazama kwa upole, akajibu kwamba ni Kiluganda cha babu zake.