Injini Ngeni katika Chasi Kuukuu: Vipuri na Magari ya Porini kwenye Njia ya Malemba-Nkulu

Eneo la Malemba-Nkulu, mojawapo ya maeneo matano yanayounda jimbo la Haut-Lomami nchini Kongo, limelala katika bonde la Upemba, mahali ambapo mto Lualaba hupunguza mwendo na kutawanyika katika maziwa ya Upemba, Kisale na Kabamba pamoja na vinamasi vinavyoyazunguka, na ni hali hiyo ya nchi, kuliko sera ya serikali yoyote, iliyoamua ni chombo gani kingeweza kufika huko na kingedumu kwa muda gani. Reli iliyotoka Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, ilifika Bukama mwaka 1918 na kuishia ukingoni mwa mto, ambako meli za mvuke zilipokea mizigo na kuishusha hadi Kongolo. Mwaka 1928 njia ya Ilebo, mji uliokuwa ukiitwa Port-Francqui, ilikamilika kwa kupitia Kamina. Na mwaka 1956 tawi jingine liliunganisha Kamina na Kabalo, hivyo reli ya Katanga ikapata njia ya kufika Kalemie kwenye ziwa Tanganyika. Mji wa Malemba-Nkulu ulibaki kando ya njia zote hizo. Samaki waliokaushwa na kutiwa chumvi, ambao ndio uti wa uchumi wa bonde hilo, walitoka kwa mtumbwi, kwa meli au kwa barabara ya udongo ambayo wakati wa masika hugeuka tope, na kila kilichoingia kutoka nje, kuanzia chumvi hadi vipuri vya magari, kilipita njia hizohizo kwa kurudi.

Katika mazingira ya namna hiyo ndipo hupata maana yake kamili ule ufundi wa kung'oa injini iliyochoka ya gari la zamani la porini, yaani gari linalovutwa na magurudumu yote manne, na kufunga mahali pake injini iliyotolewa kwenye gari jingine, mara nyingi la kampuni nyingine na la nchi nyingine. Ufundi huo haukuzaliwa Malemba-Nkulu. Ulikua katika gereji za Nairobi, Arusha, Kampala na Lubumbashi, na ulifuata barabara hadi pale barabara ilipofika. Wanaoandika habari zake kwa kulinganisha nguvu za farasi huacha nje jambo lililo kubwa zaidi, kwamba katika kila kipindi injini iliyoshinda ni ile ambayo ringi zake za pistoni, gasketi yake ya silinda hedi na nozeli zake, yaani vile vifaa vidogo vinavyonyunyiza dizeli ndani ya silinda, ziliweza kupatikana mwisho wa safari, na kwa hiyo historia ya injini hizo ni historia ya njia za vipuri.

Inafaa kuanza na watengenezaji wenyewe, kwa sababu imani kwamba injini ngeni hulipotezea gari la porini asili yake haipati nguvu yoyote katika historia yao. Gari la kwanza la majaribio la Land Rover, lililoundwa mwaka 1947 chini ya uongozi wa Maurice Wilks, lilikuwa chasi ya Jeep iliyofungwa injini na giaboksi ya gari la abiria la Rover, na lile lililooneshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948 lilitumia injini ya lita 1.6 iliyochukuliwa vilevile kwenye gari la mjini la kampuni hiyo. Toyota ilifuata njia kama hiyo mwaka 1951 ilipolifungia gari lake la BJ, lililopewa jina la Land Cruiser mwaka 1954, injini ya petroli ya silinda sita yenye ujazo wa lita 3.4 iliyokuwa ya lori. Rover ilipata mwaka 1965 haki za kutengeneza injini ya V8 iliyobuniwa na Buick ya Marekani, ikaiweka kwenye Range Rover ya mwaka 1970, kisha mwaka 1979 ikaiingiza kwenye Land Rover ndefu ya inchi 109, kipimo ambacho ni umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Mfano ulio karibu zaidi na kazi ya gereji za Afrika unatoka Australia, ambako Land Rover za jeshi zilizojulikana kama Perentie, zilizoanza kukabidhiwa mwaka 1987, zilifungwa tangu kiwandani injini ya dizeli ya Isuzu aina ya 4BD1, yenye ujazo wa lita 3.9, iliyobuniwa kwa ajili ya malori. Fundi wa Nairobi au wa Lubumbashi aliyeweka Isuzu ndani ya Land Rover alifanya, bila michoro na bila mashine za kiwanda, jambo ambalo jeshi zima liliona linafaa kulipiwa, na ni haki kazi yake ipimwe kwa kiwango hicho.

Msukumo wa kwanza mkubwa katika Afrika ya Mashariki na Kongo ulikuwa mafuta. Land Rover nyingi zilizohudumia mashamba, misheni na ofisi za serikali zilikuwa na injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286, ambayo ni ngumu na vumilivu lakini hunywa sana, na bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979 gari la namna hiyo likawa mzigo kwa mwenye nalo. Hata meli ya Liemba ya ziwa Tanganyika, iliyotengenezwa Papenburg nchini Ujerumani mwaka 1913, ilivuliwa mashine zake za mvuke na kufungwa injini za dizeli katika miaka hiyo ya 1970. Nchini Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, jambo la pili liliongezeka juu ya lile la kwanza: tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zitakabidhiwa kwa wananchi, na nyumba za biashara zilizokuwa zikiagiza vipuri kutoka Ulaya zikadhoofika au kufungwa kabisa, kiasi kwamba gari lililoharibika mbali na Lubumbashi lilikuwa na uwezekano mkubwa wa kubaki pale lilipokufa. Wakongo waliita namna yao ya kuishi katika hali hiyo Kifungu cha 15, yaani sheria isiyoandikwa inayomtaka kila mtu ajitafutie mwenyewe, na gereji zilikuwa miongoni mwa mahali ambapo kifungu hicho kilitekelezwa kwa akili nyingi zaidi. Tanzania nayo, ikiwa na uhaba wa fedha za kigeni baada ya vita vya Kagera, ilishuhudia Land Rover za vijiji na za wilaya zikisimama kwa kukosa vipuri ambavyo thamani yake ilikuwa ndogo ukilinganisha na gari lenyewe.

Nchini Kenya mambo yalienda tofauti, na tofauti hiyo inaeleza kwa nini Isuzu ilipendwa. Kampuni ya General Motors Kenya, iliyoundwa mwaka 1975, iliunganisha malori na pikapu za Isuzu mjini Nairobi, na magari hayo yalipozidi kuingia barabarani vipuri vyake vilienea hadi kwenye maduka ya miji midogo. Injini ya 4JB1, yenye silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 2,771, ikawa chaguo la kawaida kwa mwenye Land Rover kuukuu: ni nyepesi kiasi, hunyunyiza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, na haihitaji umeme isipokuwa wa kuiwasha na wa kushikilia vali inayoruhusu dizeli kupita.

Kazi yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu. Mashimo ya boliti za injini ya Isuzu hayalingani na ya giaboksi ya Land Rover, kwa hiyo fundi hulazimika kutengeneza bamba nene la chuma au la aluminiamu linalokaa katikati, upande mmoja likishika injini na upande wa pili likishika ganda la klachi. Ugumu hauko kwenye bamba bali kwenye kitovu chake: ncha ya shafti ya giaboksi hukaa ndani ya beringi ndogo iliyo mwisho wa krankshafti, katikati ya flaiwili, ambayo ni gurudumu zito linalotuliza mzunguko wa injini, na kitovu kikikosewa kwa sehemu ndogo ya milimita beringi hiyo hulia, klachi hukataa kuachia, na baada ya safari chache za matope giaboksi nzima huharibika. Fundi asiye na mashine ya kukereza hufunga kipimo cha mshale kwenye flaiwili, huizungusha kwa mkono na kusoma mshale unavyocheza kwenye ukingo wa ganda, kisha hulisogeza bamba kidogo kidogo hadi mshale utulie, na ndipo anapotoboa matundu ya pini zitakazolishikilia mahali hapo daima.

Hapo kazi huwa bado ni nusu. Sampu, yaani bakuli la chini linalobeba oili, mara nyingi hugonga ekseli ya mbele na hulazimika kukatwa na kuchomelewa upya kwa umbo jingine. Vishikizo vya injini kwenye chasi huhamishwa. Tangi huongezewa bomba la pili, kwa sababu dizeli isiyotumika hurudi. Na breki zilizokuwa zikisaidiwa na mvuto wa hewa wa injini ya petroli hukosa msaada huo, maana injini ya dizeli haina mlango wa hewa unaoumba mvuto, hivyo lazima pampu ndogo ya kunyonya hewa, ambayo kwenye Isuzu hukaa nyuma ya alternata, ije pamoja na injini yake. Difu ya Land Rover za zamani, yaani giya zilizo kwenye ekseli, huitaka propela, ile shafti inayozifikishia nguvu za injini, izunguke mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja, na waliokuwa wakikimbia lami waliibadilisha kwa ile ya Range Rover yenye uwiano wa 3.54 ili injini isipige kelele bure. Kwa barabara inayoelekea Lualaba, ambako mwendo hupimwa kwa saa na si kwa kilomita, uwiano wa zamani ulikuwa na faida yake na hapakuwa na sababu ya kuugusa.

Kuanzia miaka ya 1990 chanzo cha injini kilihamia Japani na Ghuba. Sheria za Japani hulitaka gari binafsi likaguliwe kila baada ya miaka miwili, na gharama ya ukaguzi huo huwafanya wenye magari kuyaacha yakiwa bado na maisha marefu mbele yake, hivyo injini zilizotumika kidogo zikajaa katika masoko ya vipuri ya Sharjah na Dubai na kutoka huko zikavuka bahari hadi Mombasa na Dar es Salaam, kisha zikaingia soko la Kisekka jijini Kampala au zikafuata barabara ya Tunduma na Zambia hadi Kasumbalesa na Lubumbashi. Wanunuzi wenye uzoefu walipendelea sehemu nzima ya mbele ya gari iliyokatwa, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na waya, rejeta na vibano vyote ambavyo injini tupu haiji navyo. Njia hiyo ya kusini ilileta tatizo lake: Kongo huendesha kulia, ilhali magari ya Japani, Zambia na Tanzania yana usukani kulia kwa ajili ya kuendesha kushoto, na bomba la moshi la injini iliyopangwa kwa usukani wa upande mmoja huweza kuziba njia ya nguzo ya usukani wa upande mwingine, kwa hiyo katika Katanga kubadilisha injini kulidai mara nyingi kupanga upya nusu ya chumba chake.

Vita vya mwaka 1998 hadi 2003 viliikata Malemba-Nkulu kutoka kwenye njia hizo zote za vipuri. Makundi ya wanamgambo wa Mai-Mai yalishika sehemu kubwa ya eneo, watu walikimbilia mabwawani na mijini, na baiskeli ilibeba mizigo ambayo malori hayakuthubutu kuisogelea. Magari yaliyorudi baadaye pamoja na mashirika ya misaada yalikuwa kwa wingi Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, iliyotolewa mwaka 1990, yenye silinda sita, ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, bila turbo na bila kompyuta. Ujio wake ulibadili mizani, kwa maana vipuri vya 1HZ vilianza kupatikana mahali ambapo vya Isuzu na vya Rover havikuwahi kufika kwa uhakika, na Land Cruiser zilizotangulia, zilizotoka kiwandani na injini za petroli au na dizeli za 2H na 3B, zikapata mrithi wa ukoo uleule.

Tatizo la sasa ni kwamba magari ya kutolea injini yamebadilika. Dizeli za karne hii hutumia mfumo ambao pampu moja hujaza bomba la pamoja kwa shinikizo linalozidi baa 1,000, na kompyuta huamua kila nozeli ifunguke lini. Injini ya namna hiyo haiwaki bila vihisio vyake na mara nyingi bila ufunguo unaotambuliwa na kompyuta hiyohiyo, na haivumilii dizeli yenye maji inayouzwa kwa madumu kando ya barabara. Toyota bado inauza Land Cruiser yenye 1HZ kwa nchi za Afrika na kwa mashirika ya misaada, na magari hayo yanapopinduka au chasi zake zinapooza injini zake huwa ndizo zinazotafutwa kwanza, huku injini ya kisasa yenye nguvu zaidi na bei ndogo zaidi ikibaki Lubumbashi bila mnunuzi wa kuipeleka kaskazini.