Kazi ya Kurithi: Sheria za India dhidi ya Uzoaji wa Kinyesi kwa Mikono

Julai 2021 Serikali ya India iliulizwa bungeni ni watu wangapi waliokufa kwa kuzoa kinyesi kwa mikono. Ikajibu kwamba hakuna. Serikali hiyohiyo ilikuwa na hesabu ya watu zaidi ya 900 waliofia ndani ya chemba na makaro ya majitaka tangu 1993. Kisheria kauli hizo mbili hazipingani, na hilo ndilo linalopaswa kutushtua.

Sheria ya 1993, iliyoanza kutumika 1997, ilimlenga anayezoa kinyesi kwenye vyoo visivyo na maji, ambaye mara nyingi ni mwanamke mwenye ufagio na kikapu. Sheria ya 2013 iliongeza mitaro ya wazi, mashimo na njia za reli. Papo hapo ikaweka upenyo: anayefanya kazi hiyo kwa zana na vifaa vya kujikinga vilivyoainishwa na serikali hahesabiwi kuwa mzoaji wa kinyesi. Kuingia kwenye chemba nako kukapewa fungu lake, la usafishaji hatarishi. Basi mwanamume anayezimia kwa gesi chini ya barabara ya Delhi hufa akiwa nje ya takwimu za tatizo ambalo taifa linasema limelimaliza.

Kasoro hii haikutokana na uandishi mbovu wa sheria tu. Sheria zote mbili zimeichukulia kazi hii kama suala la aina ya choo na glavu, ilhali mzizi wake ni nasaba. Serikali ilipotoa takwimu za wazoaji 43,797 ambao tabaka lao la kuzaliwa lilijulikana, 42,594 walikuwa Wadalit, watu wa matabaka yaliyotengwa chini kabisa, yaani takriban asilimia 97. Umaskini peke yake hauzai uwiano wa namna hiyo. Vyura wa Dar es Salaam, wale wanaotapisha vyoo, nao huingia shimoni na nao hudharauliwa. Lakini mtoto wa chura hazaliwi chura. Akipata mtaji wa kuuza mitumba, mteja hamuulizi ukoo wake. Mwanamke wa Valmiki, jamii mojawapo ya Wadalit, katika jimbo la Uttar Pradesh akipewa rupia 40,000 za kuanza maisha mapya hukabiliwa na swali jingine kabisa: nani kijijini atakunywa chai aliyoichemsha yeye?

Tabaka huamua hata ukubwa wa shimo. Watafiti Diane Coffey na Dean Spears, katika kitabu chao cha 2017, wanaonyesha kwamba wanavijiji wengi wa kaskazini mwa India hukataa vyoo vya mashimo madogo kwa sababu kuyatapisha ni kazi ya Wadalit; wenye uwezo huchimba shimo kubwa lisilojaa upesi. Kampeni ya serikali ya ujenzi wa vyoo, Swachh Bharat, iliyoanza 2014, ilijenga vyoo zaidi ya milioni 100. Ni kazi kubwa, na anayeibeza hajawahi kukosa choo. Ila kila karo hujaa siku moja, na anayeitwa kulitapisha ni yuleyule, safari hii chini ya mkandarasi badala ya manispaa.

Mwanaharakati Bezwada Wilson, aliyezaliwa Kolar katika familia ya kazi hiyohiyo, aliliona hilo mapema. Vuguvugu la Safai Karmachari Andolan, ambalo yeye ni mmoja wa waasisi wake, liliwataka wanawake wavichome vikapu vyao, likaishtaki serikali mwaka 2003. Hukumu ya Mahakama ya Juu ya 2014 iliamuru fidia ya rupia milioni 1 kwa kila familia iliyofiwa na mtu wake chembani. Mwaka 2023 mahakama hiyo ikaipandisha hadi milioni 3. Fidia ni haki, lakini huja baada ya maiti. Maadamu manispaa inaweza kumsukumia mkandarasi lawama, naye akadai kwamba marehemu aliingia kwa hiari yake, gharama ya kifo itabaki ndogo machoni pa mwenye mtaro. Kinachohitajika ni kumfungulia mashtaka ya jinai aliyetoa zabuni, hata pale ambapo glavu zilikuwepo, na kuandika kila kifo cha chembani katika hesabu ileile ambayo waziri hulisomea bunge.