Filamu ya Wagalla: Watu Wazima Tunaogopa Nini?

Kila ikifika tarehe 10 Februari simu yangu inajaa. Picha ya uwanja wa Wagalla, dua, na maneno "hatutasahau". Kesho yake status zinarudi kwa mpira na harusi. Sina shida na hiyo, maisha lazima yaendelee. Ila kuna jambo moja linanikera. Filamu kuhusu Wagalla ipo, imepita miaka kumi sasa, na ukiwauliza vijana kumi hapa Wajir kama wameiona, wengi watakuangalia tu.

Inaitwa Scarred: The Anatomy of a Massacre, na ilizinduliwa Nairobi mwaka 2015. Aliyeiongoza ni Judy Kibinge, yule yule wa Dangerous Affair ya 2002 na Something Necessary ya 2013, ile iliyogusa ghasia za baada ya uchaguzi. Si Msomali, si mtu wa Wajir. Wengine hapa wanalitumia hilo kama hoja dhidi ya filamu: ati mgeni anajua nini? Mimi naliona kinyume. Wenyewe tulikuwa na miaka thelathini ya kuitengeneza na hatukufanya. Salah Abdi Sheikh ndiye aliyetutoa aibu kidogo na kitabu chake Blood on the Runway mwaka 2007, lakini kitabu kinahitaji msomaji. Filamu hata ayeeyo asiyejua kusoma anaweza kukaa nayo.

Kwa wale wasiojua, au waliosikia nusu nusu. Ijumaa, 10 Februari 1984, wanajeshi na polisi walianza kuwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia mjini Wajir na vijiji vya karibu. Sababu waliyoitoa ilikuwa kunyang'anya silaha, maana kulikuwa na mapigano ya koo. Nyumba za Bulla Jogoo zilichomwa. Wanaume wakapelekwa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, kilomita 15 hivi kutoka mjini. Wakavuliwa nguo, wakalazwa kifudifudi juani, bila chakula na bila maji, siku baada ya siku. Na jua la Februari la Wajir unalijua wewe mwenyewe. Waliojaribu kukimbia walipigwa risasi. Wanawake nao walibakwa, jambo ambalo wazee wetu wakisimulia wanaliruka haraka sana.

Serikali ilisema waliokufa ni 57. Manusura wanataja hadi 5,000. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya Mei 2013, ilisema hiyo 57 si kweli na kwamba waliouawa wanakaribia 1,000. Hebu fikiria: miaka 29 kutoka 57 hadi kukubaliwa na tume ya serikali yenyewe kwamba idadi ilikuwa kubwa mara nyingi zaidi. Na tume hiyo nayo ilikuwa na kidonda chake, kwa sababu mwenyekiti, Bethuel Kiplagat, alikuwa katibu mkuu wa wizara mwaka 1984 na jina lake lilihusishwa na mambo haya haya ya Wagalla. Kesi ya nyani ukampa ngedere, watu wa hapa walisema hivyo bila kuficha.

Iliwezekanaje kuficha? Hapa ndipo historia yetu inatofautiana na ya Kenya nyingine. Tangu Desemba 1963 hadi 1991, kaskazini mashariki iliishi chini ya sheria za hali ya hatari. Mwandishi wa habari hakuja tu na kamera yake. Habari ya Wagalla ilitoka kwa sababu ya watu wachache wenye roho ngumu. Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyekuwa akitibu wagonjwa wa kifua kikuu hapa Wajir, alienda kuokota majeruhi na maiti, na majina yakaandikwa. Barbara Lefkow, mke wa mwanadiplomasia wa Marekani, alisaidia habari iwafikie mabalozi. Mbunge wetu Ahmed Khalif alisimama bungeni akasema yaliyotokea. Tonelli hakudumu Kenya baada ya hapo, na mwaka 2003 aliuawa kwa risasi Borama, Somaliland, kwenye hospitali aliyoianzisha mwenyewe. Hapa Wajir bado kuna watu wazima wanaopona machozi yakiwalenga wakimtaja.

Sasa turudi kwa filamu, maana wengi wanadhani filamu inauawa na bodi tu. Kenya tuna sheria ya filamu na michezo ya jukwaani tangu enzi za mkoloni anaondoka, na bodi inaitumia kweli kweli. Januari 2014 ilipiga marufuku The Wolf of Wall Street kwa sababu ya ngono, dawa za kulevya na matusi. Aprili 2018 ikapiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa kwenye tamasha la Cannes, kwa sababu inahusu mapenzi ya wasichana wawili. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikaruhusu Rafiki ionyeshwe siku saba kwa watu wazima, na foleni Nairobi zikajaa. Najua hapa kwetu wengi waliunga mkono marufuku ile, leo siingii huko. Ninachokitaka kwenye hadithi ile ni neno moja la mahakama: watu wazima. Yaani mtu mzima aachwe aamue atazame nini.

Scarred haikuzimwa hivyo. Ilizinduliwa hadharani, Nairobi, watu wakakaa kwenye viti wakatazama. Hapa kwetu kinachoizima ni sisi. Hatuhitaji bodi. Tunajipiga marufuku sebuleni.

Hoja ya kwanza utakayoisikia ni kwamba inaumiza. Kweli inaumiza. Wajane na manusura wanaongea mbele ya kamera, na sura zenyewe zinasema kabla mdomo haujafunguka. Hoja ya pili ni ya watoto, wasione. Hapo nakubali kabisa, mtoto wa miaka minane asiwekwe mbele ya hiyo. Ila mbona watu wa miaka arobaini nao hawajaiona? Hoja ya tatu ndiyo nzito, na watu huisema kwa sauti ya chini: itaamsha mambo ya koo. Waliolengwa walikuwa Degodia, majirani ni Ajuran na Ogaden, na sote tunanunua nyama soko moja. Hii siidharau. Tumezika watu kwa sababu ya siasa za koo. Lakini aliyetoa amri ya kuwalaza watu kwenye uwanja wa ndege hakuwa jirani. Alikuwa dola. Tukikaa kimya, lawama inabaki inaelea, na inayoelea ndiyo inayomwangukia jirani.

Ufaransa walipitia haya. The Battle of Algiers ilitoka 1966, ikashinda tuzo kuu Venice, na kwa miaka kadhaa haikuonyeshwa Ufaransa kwa sababu ilionyesha wanajeshi wao wakitesa Waalgeria. Leo ni filamu inayofundishwa duniani kote, hata Pentagon waliiweka kwenye skrini 2003. Hasira ya mwanzo ilipita, filamu ikabaki. Sisi hatujafika hata kwenye hasira.

Februari iliyopita tuliitazama kwa laptopu, watu tisa, nyumbani kwa abti. Bundle iliisha mara mbili, jameni, Wajir ni Wajir. Ayeeyo mmoja alikataa kuangalia picha kabisa. Aligeukia ukuta na kombe lake la shaah, akasikiliza tu. Kila mzee alipoanza kuongea, yeye alitaja familia ya yule mtu kabla hajamaliza sentensi ya kwanza, kwa sauti peke yake. Mara tatu alisema, "Huyu amekufa sasa." Si kwamba aliuawa Wagalla. Amekufa baadaye, kwa uzee, kwa sukari, akisubiri.

Hapo ndipo haraka yangu inatoka. Machi 2015, mwezi mmoja tu baada ya kumbukumbu ya mwaka ule, Rais Uhuru Kenyatta aliomba msamaha bungeni kwa dhuluma zilizopita na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10. Manusura wanazeeka wakiuliza habari za mfuko huo. Fidia inaweza kuchelewa na bado ikaja kwa warithi. Ushahidi wa mdomo haurithiwi hivyo. Filamu ile imeshika sauti za watu ambao hatuwezi tena kwenda kuwauliza, na kwangu hiyo ndiyo kazi yake kubwa, kuliko tuzo au sifa za Nairobi.

Kwa hiyo ombi langu kwa kaunti, kwa wazee, kwa walaalo wote wenye kurasa kubwa kuliko yangu: 10 Februari ijayo tuionyeshe hapa mjini, usiku, watu wazima, kina mama wakiwa na sehemu yao ya kukaa. Sheikh mmoja afungue kwa dua, na mtu wa ukoo mwingine akae mbele kabisa aonekane. Baada ya hapo maikrofoni ipewe wanawake wa Bulla Jogoo kwanza, sio wanasiasa. Mwanasiasa anayetaka kuongea aje atazame kama sisi.

Sijawahi kuona jumba la sinema Wajir tangu nizaliwe, kwa hiyo tutahitaji ukuta mweupe. Projekta najua pa kuazima. Mwenye ukuta anitafute.