Ukoma Katika Vazi la Baridi Yabisi

Kiswahili kimeyapa maumivu ya viungo jina lenye hali ya hewa ndani yake: baridi yabisi. Kwa mtu wa Uluguru jina hilo halihitaji ufafanuzi. Milima inapanda zaidi ya mita 2,600, Mgeta huamka ndani ya ukungu, na mizigo ya mboga na ndizi hushushwa kwa kichwa na mabega. Waluguru walipoipinga serikali ya kikoloni mwaka 1955 kwa sababu ya matuta waliyolazimishwa kuchimba, moja ya manung'uniko yao ilikuwa uzito wa kazi yenyewe. Mkulima wa huku akisema vidole na magoti vinamuuma, nani atashangaa?

Hapo ndipo ukoma hupata maficho. Tunapoisimulia historia yake mkoani Morogoro, mara nyingi tunaanzia kwenye makazi ya Chazi, Mvomero, ambako waliougua waliishi mbali na jamaa zao. Mimi nataka kuanzia mapema zaidi, kwenye ile miaka ambayo mgonjwa bado yuko nyumbani, bado analima, na anatibiwa ugonjwa mwingine.

Bakteria wa ukoma, ambaye Gerhard Armauer Hansen alimtambua huko Norwei mwaka 1873, hana haraka. Kwa wastani dalili hujitokeza baada ya miaka 5, na zinaweza kuchelewa hata miaka 20. Hushambulia ngozi na mishipa ya fahamu. Lakini kinga ya mwili inapomvamia kwa ghafla, viungo huvimba, mikono na miguu hujaa, na homa hupanda. Kuna wagonjwa ambao hali hiyo ndiyo huwafikisha hospitali kwa mara ya kwanza. Hata kipimo cha damu kinachosaidia kutambua baridi yabisi kinaweza kutoa jibu chanya kwa mwenye ukoma. Akipewa prednisolone, uvimbe hupungua na yeye hushukuru, kumbe bakteria wamebaki palepale, na mishipa inaendelea kufa.

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma. Katika miaka ya 1980 ikaja tiba ya dawa mseto, inayomponya mtu kwa miezi 6 au 12, na hutolewa bure. Mwaka 2006 nchi ikafikia lengo la kimataifa: chini ya mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000. Lengo hilo likaitwa kutokomeza, na wengi wakaelewa kwamba ugonjwa umekwisha. Haukuwa umekwisha. Katikati ya miaka ya 2010, Kilombero, mkoani humuhumu, ilikuwa miongoni mwa wilaya tatu nchini zilizochaguliwa kujaribu dawa ya kinga kwa watu wanaoishi karibu na wagonjwa.

Naona mafanikio hayo yalikuja na gharama yake. Wagonjwa walipopungua, wakapungua pia matabibu waliowahi kumwona mgonjwa wa ukoma kwa macho yao. Na sisi wengine tulirithi picha moja tu, ya mtu aliyepoteza vidole, ambayo ni picha ya mwisho wa ugonjwa. Mwanzo wake ni baka lisilowasha wala kuuma, ganzi mkononi, au mshipa ulionenepa nyuma ya kiwiko.

Kuutafuta mwanzo huo hakuhitaji mashine. Tabibu humwambia mgonjwa afumbe macho, kisha hugusa baka kwa kipande cha pamba na kumuuliza ameguswa wapi. Mwenye baridi yabisi ataonyesha mahali. Mwenye ukoma anaweza kukaa kimya, akisubiri kuguswa. Ganzi hiyo ikigunduliwa mapema, vidole vinaweza kuokolewa. Ikigunduliwa baada ya miaka ya vidonge vya maumivu, dawa itawaua bakteria, lakini mshipa uliokwisha kufa haitaufufua.